Karatasi ya Juu ya Mlango

Nauza miwani ya kusomea. Naibeba kwenye begi la mgongoni, pamoja na ubao mwembamba wa kuipangia, na nafuata minada: leo Kibaigwa, keshokutwa Kongwa, juma linalofuata Kondoa na vijiji vyake. Ni kazi inayomfaa mtu kama mimi, ambaye akilala kitanda kimoja majuma matatu mfululizo anaanza kuamka alfajiri bila sababu na kusimama mlangoni akitazama barabara. Dodoma mjini peke yake nimehama vyumba tisa. Kila nikihama, wenye nyumba hunisaidia kubeba magunia yangu wakidhani ni nguo, halafu moja hulegea kamba, wakaona yaliyomo, wakacheka.

Ndani ni karatasi. Vitabu vya shule vilivyopoteza majalada, tiketi za treni za kadibodi, lebo za viberiti, kalenda za maduka ambayo yamekwisha kufungwa, stakabadhi za ushirika, vipeperushi vya senema iliyoonyeshwa mjini kabla sijazaliwa. Mama mwenye nyumba wa Chang'ombe aliniuliza kama nasubiri bei ipande, kama watu wanavyofanya na mahindi. Nilimjibu ndiyo. Lilikuwa jibu fupi kuliko mengine yote.

Ugonjwa huu niliupata kwa sababu ya kazi. Mtu hawezi kununua miwani bila kuijaribu, na ili aijaribu lazima asome kitu. Mwanzoni nilikuwa natembea na gazeti, lakini wateja hawakuliamini. Walihisi nimelichagua lenye herufi zinazojionyesha zenyewe. Wakaanza kuleta karatasi zao, kila mtu na ile anayoiamini: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, ukurasa wa kitabu kilichosalia nyumbani. Siku moja Kibaigwa, pembeni ya malori ya mahindi, mama mmoja muuza karanga alichomoa karatasi kwenye rundo lake la kufungia. Ilikuwa ukurasa wa kitabu cha jiografia nilichosomea darasa la tano. Niliijua ile picha ya bwawa kabla sijayajua maneno. Nilimnyang'anya mkononi nikaanza kusoma.

"Kaka," akasema, "miwani naijaribu mimi au wewe?"

Niliondoka na rundo lote. Nilimwachia miwani, na yeye akabaki akihangaika kutafuta karatasi nyingine ya kufungia karanga. Usiku wa siku hiyo nilipanga zile kurasa juu ya godoro, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikasahau kuwaza nitaelekea wapi kesho yake.

Basi nikawa mtafutaji. Na kwa kuwa nilikuwa nimefuata soko la mahindi la Kibaigwa miaka miwili, nikachukua tabia za hapo. Dalali wa Kibaigwa haanzi kununua mahindi mpaka ayatukane kwanza. Hushika punje kiganjani, hupuliza, hukunja uso, husema yana unyevu, yana dumuzi, yamevunwa mabichi, haya ni ya kulishia kuku. Mkulima akishakata tamaa, ndipo bei inaposemwa. Mimi nikafanya vivyo hivyo na karatasi. Nikiona kitu ambacho moyo wangu umekirukia, ulimi unasema: hii takataka tu, imeliwa na mchwa, nipe nikakutupie. Nilizoea hadi ikawa sifikirii. Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyosema pole kwa mtu aliyepiga chafya.

Kongwa ndiko tabia hiyo ilikonigharimu mara ya kwanza. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye baba yake aliendesha trekta enzi za Waingereza na mashamba yao ya karanga. Alijaribu miwani kwa kijitabu cha maelekezo ya ile trekta, kwa Kiswahili cha zamani, chenye michoro ya gia na mishale. Sijawahi kuona kingine kama hicho. Nikamwambia: mzee, hii takataka. Akacheka, akakiweka kwapani, akasema atafikiri, maana kilikuwa cha baba yake. Sikumsumbua. Nilijua nitarudi mwezi unaofuata na atakuwa amelainika.

Niliporudi alinipokea vizuri sana. Nikaulizia kijitabu. Akanitazama kwa mshangao.

"Si ulisema takataka? Mvua ilinyesha juma zima, kuni mbichi, nikakiwashia moto. Wewe ni mtu wa karatasi, ukisema haifai nani atabisha?"

Nilinunua soda mbili, tukanywa, nikapanda gari la Dodoma, na nilipofika stendi sikwenda nyumbani. Nilipanda gari jingine la kwenda Kondoa, kwa sababu kukaa na lile jambo chumbani nisingeweza.

Kondoa ndiko nilikozaliwa. Sisi ni watu wa mjini pale, wajukuu wa wale waliokuja na misafara ya biashara wakaoa wakabaki. Babu yangu aliandika barua zake zote za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mimi ndiye niliyekuwa namsomea macho yake yalipoanza ukungu. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulifundishwa kusoma Kiarabu kwa irabu zake, lakini babu hakuweka irabu hata moja, ilibidi neno ulikisie kwa kuifuata habari. Wenzangu waliona ni adhabu. Mimi nilipenda. Wazee wangu wote wamekwisha kufariki na nyumba yetu ilishauzwa, kwa hiyo nikifika Kondoa nalala gesti kama mgeni yeyote, asubuhi natoka kwenda vijijini.

Nilifika Kolo siku ya Jumatano. Wageni wengi wanaofika huko hufuata michoro ya mapangoni. Mimi nilifuata moshi wa tanuri la matofali, maana palipo na ujenzi pana watu, na palipo na watu wa makamo pana macho yanayotaka miwani. Nilikuta familia inajiandaa kubomoa nyumba ya tembe, yenye kuta na paa la udongo, ili kujenga ya matofali ya kuchoma na bati. Vyombo vyote vilikuwa nje chini ya turubai. Juu ya mkeka alikaa bibi mmoja aliyekaribia miaka tisini, mwenye nyumba, na bintiye wa makamo alikuwa akipanga sufuria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

"Macho," nikasema.

Binti akacheka, akaja. Alijaribu miwani ya kwanza, akatazama huku na huku. Hakukuwa na karatasi karibu, vitabu vya wanawe vilikuwa vimefungwa ndani ya masanduku. Akaingia ndani ya nyumba tupu akatoka na fremu ya mbao yenye kioo, nyeusi kwa masizi kama sehemu ya chini ya chungu.

"Hii tulikuwa tuishushe leo," akasema. "Sisomi Kiarabu bila irabu, lakini nikiziona nukta nitajua miwani inafaa."

Akapangusa kioo kwa pindo la kanga. Masizi yakatoka kama ngozi. "Eh! Nukta hizi hapa. Hata hizi ndogo." Alifurahi kweli. Akanigeuzia fremu ili na mimi nione alichokiona.

Niliona maua yaliyochapwa pembezoni, na mistari kumi na mitatu ya herufi za Kiarabu, na chini yake mchoro mdogo wa taa ya kandili. Mstari wa kwanza niliusoma kabla sijakusudia. Halikuwa neno la Kiarabu. Kilikuwa Kiswahili. Kiliwatangazia watu wa mji na watu wa safari kwamba mzigo umefika dukani, karibu na stesheni ya Dodoma: sabuni ya miche, sindano, mafuta ya taa, kofia. Kwa maisha yangu yote ya kuokota sijawahi kushika tangazo la duka lililochapwa kwa Kiswahili cha herufi hizo. Magunia yangu yote, vyumba vyote tisa, niliona vilikuwa vinanileta mbele ya hicho kioo.

Na ulimi ukasema, wenyewe: "Imeliwa na moshi hii, dada. Takataka tu."

Bibi hakuwa kiziwi. Aliinuka kwa mkono mmoja.

"Umesema nini?"

"Bibi, nilimaanisha…"

"Maneno ya Mungu ndiyo takataka? Hayo yamekaa juu ya mlango wangu tangu nilipoolewa. Wanawake wa mtaa huu wakienda kujifungua walipita chini yake kwanza. Wewe ni wa nani, wewe?"

Nilimtajia ukoo wangu. Alikuwa akiwajua. Hilo lilizidisha kosa. "Na babu yako alikuwa msomi," akasema, na akageuza uso.

Binti ndiye aliyenieleza mambo yalivyo, pembeni, kwa sauti ya chini, huku akichagua miwani yake. Kwao karatasi yenye herufi hizo haitupwi, haichomwi, wala haifungiwi kitu. Ikichakaa, au nyumba ikivunjwa, inafunikwa kwa kitambaa cheupe na kuzikwa mahali pasipokanyagwa na miguu, na anayeishika lazima awe na udhu. Waliamua kuizika Ijumaa baada ya swala, nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la baba yake. Ndugu za mume wa huyo binti wangekuwepo wote, ndio waliokuja kusaidia kubomoa. Mwalimu wa madrasa angesoma dua.

"Mama hataki ihamie nyumba mpya?" nikauliza.

"Anasema fremu imeoza, na yeye mwenyewe ana miaka mingapi? Anataka aione ikilala vizuri kabla yake."

Siku mbili, basi. Nilirudi gesti nikakaa kitandani, nikasimama, nikatoka nje, nikarudi. Nilitaka kuondoka. Kila gari lililopita kwenda Babati au kurudi Dodoma lilinivuta. Lakini ile karatasi ilikuwa imenishika, na Ijumaa ingeingia ardhini, na mchwa wa Kolo wasingeuliza kama ni sabuni au ni dua.

Alhamisi asubuhi nilimfuata bibi akiwa peke yake kwenye mkeka. Nikamwomba radhi kwa ya jana, akanisamehe kwa kunyoosha kidole nikae. Nikamwambia kweli. Nikamwambia ile si Kurani wala dua, ni Kiswahili, ni tangazo la duka. Nikamwambia na yaliyokuwa yakiuzwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akipepeta mtama kwenye ungo bila kukoma.

"Wewe unanunua karatasi kuukuu," akasema. "Binti yangu kaniambia."

"Ndiyo, bibi."

"Na hii unaitaka."

"Ndiyo."

"Jana ulisema takataka. Leo unasema sabuni. Kesho ikifika utasema nini, kiatu?" Alipuliza pumba zikaruka. "Mimi nimeuza mahindi Kibaigwa, mwanangu. Dalali gani aliwahi kuyasifu mahindi anayoyataka?"

"Lakini hii nasema kweli."

"Inawezekana. Nitajuaje? Mimi sisomi. Nikikupa na ukawa unadanganya, nitakuwa nimeuza maneno ya Mungu. Nikiizika na ukawa unasema kweli, nimezika sabuni. Kwa hayo mawili, wewe ungechagua lipi?"

Nilitoka pale nikitembea haraka, kama mtu anayefukuzwa, mpaka nikafika darasa la madrasa nje ya kijiji. Mwalimu alikuwa kijana kuliko mimi, ana pikipiki, ana simu mbili. Nikamweleza. Alinisikiliza akichezea ufunguo.

"Unaweza kuisoma?" nikamuuliza.

"Kiswahili cha hivyo ni kigumu, lakini nikikazana nitakisoma. Kwa hiyo unataka niseme kesho, mbele ya watu wote, kwamba yule bibi amewapitisha wajawazito wa kijiji kizima chini ya tangazo la sabuni?"

"Nataka ukweli ujulikane tu."

"Unataka karatasi, kaka. Usinichoshe." Lakini alicheka. "Sikiliza. Mimi sitaenda kuikagua kwa hiari yangu. Ila ukisimama kesho ukaniomba niisome kabla haijafunikwa, nitaisoma, na nitasema nilichokisoma. Kudanganya siwezi. Kuombwa ni kwako."

Kwa hiyo jambo lilirudi mikononi mwangu, na sikulipenda. Siku nzima nilipanga maneno. Yalikuwa maneno mazuri: kwamba elimu ni nuru, kwamba karatasi hii ni mali ya wote, kwamba ikizikwa hakuna atakayejua kuna duka liliwahi kuzungumza hivyo na watu wake. Nililala nayo, nikaamka nayo.

Ijumaa watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Ndugu za mkwe wamevaa kanzu zao za swala wakiwa na majembe begani, tayari kwa kazi ya kubomoa baadaye. Wanawake wa jirani walisimama upande wa jiko. Mmoja wao, mnene, mwenye sauti, alikuwa akimweleza mwenzake kwa Kiswahili kwamba wanawe wanne wote walizaliwa salama kwa sababu ya ule mlango, na wa tano, ambaye alimzaa hospitali Dodoma bila kupita hapo, ndiye huyo anayekunywa pombe. Walicheka. Shimo lilikuwa dogo, la kina cha mkono, na udongo wake mwekundu umepangwa pembeni vizuri.

Binti alitoa karatasi kwenye fremu. Nikaiona bila kioo. Ilikuwa imara kuliko nilivyodhani, na ile kandili imechapwa kwa wino mwekundu ambao moshi ulikuwa umeuficha. Mwalimu akanitazama. Akangoja kidogo, zaidi ya ilivyohitajika, akijifanya kukunja mikono ya kanzu.

Bibi naye alikuwa akinitazama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo kati ya magoti. Hakunikunjia uso wala hakunisihi. Alikuwa anangoja tu, kama mimi nilivyowahi kungoja wakulima wakate tamaa, isipokuwa safari hii mtu wa kuamua alikuwa mimi na yeye ndiye mwenye mali.

Nilifungua mdomo. Yule mama mnene akageuka kunisikiliza, na wenzake wakageuka.

"Nina udhu," nikasema. "Kama mtaniruhusu, niishike mimi."

Sijui kwa nini lilitoka hilo. Mzee mmoja wa upande wa mkwe akasema vyema, huyu ni mjukuu wa msomi. Binti akanikabidhi. Nilikuwa nayo mikononi kwa muda wa kutembea hatua sita. Niliisoma yote katika hizo hatua, mistari kumi na mitatu, kwa pupa, kama mwanafunzi ambaye mtihani unakusanywa. Nikaiweka juu ya kitambaa cheupe, nikakunja pembe, nikapiga magoti, nikaishusha. Udongo nilioutia ulikuwa na joto. Mwalimu akasoma dua, tukaitikia amina, na watu wakashika majembe kwenda kwenye ukuta.

Nilitaka kuondoka hapohapo. Begi lilikuwa tayari mgongoni. Bibi aliniita kwa kugonga fimbo chini.

"Kaa. Watakunywa chai, na wewe utakunywa." Nikakaa chini karibu na kigoda chake. Vumbi la ukuta wa kwanza lilikuwa likipanda, na kelele zilikuwa nyingi, hakuna aliyetusikia. Akainama.

"Lile duka. Ulisema lilikuwa wapi?"

"Dodoma, bibi. Karibu na stesheni."

Akaniambia kwamba marehemu mumewe, kabla ya kumwoa, alikuwa kuli wa stesheni ya Dodoma. Alirudi Kolo na shuka, na jembe jipya, na ile karatasi kwenye fremu, akamwambia amemletea ulinzi wa nyumba. Hakuwahi kumwambia aliitoa wapi. Kusoma hakujua, kama yeye.

"Au alijua?" akaniuliza.

"Sidhani, bibi. Aliona herufi akaziheshimu."

"Hmm." Aliendelea kutazama vumbi. "Na sabuni ilikuwa ya namna gani?"

"Ya miche. Na kuna sindano, na mafuta ya taa, na kofia. Na imesemwa kwamba asiye na haja ya kununua aje atazame tu, kutazama hakuna gharama."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikashika mkono wake. Alikuwa anacheka, bila sauti, mdomo umezibwa kwa upindo wa mtandio.

"Yule mwanaume," akasema alipopata pumzi. "Miaka yote ile nikifulia majivu. Akaniletea tangazo la sabuni, na sabuni yenyewe asiilete!"

Nikacheka na mimi, nikashindwa kujizuia. Binti akatusikia, akatuinulia uso kutoka kwenye birika.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna," bibi akasema, akipangusa macho. "Mtilie mgeni chai. Tunamsema baba yako."